Nanga ya Karagwe na Muziki wa Filamu

Mwanao akikuambia kwamba anataka kuishi kwa kutunga muziki wa filamu, huenda ukamkemea kwa kudhani kuwa anaota. Kabla ya kumkemea, ikumbuke nanga.

Nanga ni ubao uliochongwa kwa umbo la hori, na juu yake zikatandazwa nyuzi saba au nane. Wazungu Speke na Grant walipofika Karagwe kwa Mfalme Rumanyika mwishoni mwa mwaka 1861, waliikuta ikipigwa. Katika nchi hiyo, ambayo Wilaya ya Kyerwa ilimegwa kutoka kwake mwaka 2012, na kwa jirani zao Wahaya, mpiga nanga hakuwa mtu wa kuchangamsha ngoma tu. Alisimulia habari za wafalme na mashujaa. Vita ilipokaribia, vidole vilikwenda mbio. Shujaa alipoanguka, vilitulia.

Kazi ya mtunzi wa filamu ni hiyo hiyo. Huitazama picha iliyokwisha kupangwa, akapatana na mwongozaji mahali pa kuingiza muziki na mahali pa kuacha kimya, kisha akatunga kwa kuhesabu sekunde. Muziki wa michezo ya kompyuta ni mgumu zaidi, maana hubadilika kadiri mchezaji anavyoshinda au kushindwa. Lakini hata hilo si geni: mpiga nanga naye hurefusha au kufupisha utenzi wake kwa kutazama nyuso za wasikilizaji.

Mfano hauko mbali

Geoffrey Oryema, Mwacholi wa Uganda aliyezaliwa mwaka 1953, alijifunza nyumbani, kwa baba yake, kupiga nanga ya Kiacholi, iliyo ndugu ya hii ya Karagwe. Februari 1977 baba huyo, ambaye alikuwa waziri, aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Kijana alitoroka akiwa amefichwa ndani ya buti la gari, na hatimaye akafika Ufaransa.

Hakwenda na mali. Alikwenda na ujuzi wa nyumbani. Mwaka 1990 alitoa albamu yake, Exile. Wimbo wake Ye Ye Ye ukawa utambulisho wa kipindi cha usiku cha televisheni ya Ufaransa, Le Cercle de Minuit. Mwaka 1994 alikuwa miongoni mwa watunzi wa muziki wa filamu Un indien dans la ville, iliyotazamwa na mamilioni ya watu. Alifariki dunia Juni 2018, na sauti yake ingali inasikika.

Wajibu wetu

Basi mwanao asome shule, ajifunze maandishi ya muziki na kutumia kompyuta. Asitie sahihi mkataba asioufahamu, na kazi zake aziandikishe katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA. Lakini hayo yote ni vyombo tu. Cha kutia ndani yake hakifundishwi na mashine.

Wewe uliyetoka Karagwe au Kyerwa ukaja mjini kutafuta kazi, likizo ijayo mpeleke mtoto kwa mzee anayejua nanga, akae miguuni pake, asikilize. Uzi wa nanga ukikatika, hufungwa mwingine. Mzee akifariki na tenzi zake, hakuna duka tutakalozinunua.