UTURUKI: WAZIRI ALIYEDAI HAKI YA WALIOKUFA MAJI

Usiku wa tarehe 2 Agosti 1926, meli ya Ufaransa, Lotus, iligongana baharini na meli ya makaa ya Uturuki, Boz-Kurt. Waturuki wanane walikufa maji. Uturuki ilimkamata afisa wa zamu wa Lotus, ikamhukumu kifungo cha siku 80 na faini. Ufaransa ilipinga, ikisema Mfaransa ahukumiwe kwao.

Shauri lilipofika mahakama ya kimataifa ya The Hague, Waziri wa Sheria, Mahmut Esat, alikwenda kulitetea mwenyewe. Alizaliwa Kuşadası mwaka 1892, akasomea sheria Uswisi. Tarehe 7 Septemba 1927 majaji waligawanyika sita kwa sita. Kura ya Rais wa Mahakama ikaipa Uturuki ushindi. Mwaka 1934 alijichukulia jina la ukoo Bozkurt, ukumbusho wa meli ile.

Lakini ndugu wasomaji, tusimsifu nusu nusu. Mwaka 1930 waziri huyohuyo alitamka kwamba wasio Waturuki wa asili wana haki ya kuwa watumishi na watumwa tu. Alifariki mwaka 1943. Haki aliyoidai kwa mataifa makubwa aliwanyima wanyonge wa nchini mwake.