Sumu ya Konokono Inapogeuka Dawa ya Mgongoni

Wengi wetu tunaijua sindano ya mgongo kama ile ya ganzi anayochomwa mama kabla ya kujifungua kwa upasuaji. Huchomwa mara moja, hufanya kazi kwa saa chache, basi. Dawa iitwayo zikonotaidi ni habari nyingine. Hii hutiririshwa na pampu kidogo kidogo, usiku na mchana, kupitia mpira mwembamba unaoishia kwenye majimaji yanayozunguka uti wa mgongo. Hupewa mtu mzima mwenye maumivu makali ya muda mrefu ambayo dawa nyingine, mofini ikiwemo, zimeshindwa kuyatuliza au zimemletea madhara asiyoyaweza.

Asili yake ni konokono wa baharini, Conus magus, anayewinda samaki kwa kuwadunga sumu. Katika maabara ya Baldomero Olivera, mwanasayansi mzaliwa wa Ufilipino, huko Chuo Kikuu cha Utah, kijana aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza chuo, Michael McIntosh, aliichambua sumu hiyo na kupata kiini cha dawa. Marekani iliiidhinisha Desemba 2004. (Ndugu wa konokono huyu wapo hata pwani yetu, na mmoja wao, Conus geographus, anaweza kuua mtu. Kombe zuri lenye mwenyewe ndani liachwe lilipo.)

Maumivu yakifika kwenye uti wa mgongo, neva hupokezana taarifa kwa kufungua vijia vya kalsiamu. Zikonotaidi huziba aina moja ya vijia hivyo. Kwa kuwa haipiti njia ya mofini, haidhoofishi pumzi, na ikibidi inaweza kusimamishwa siku hiyo hiyo. Mofini haiko hivyo. Mgonjwa aliyeizoea lazima apunguziwe polepole, na zikonotaidi haiwezi kumkinga na mateso ya kuachishwa ghafla.

Ila vijia hivyo vipo hadi ubongoni, na shida huanzia hapo. Katika majaribio ya mwanzo dozi zilipandishwa haraka, wagonjwa wakapata kizunguzungu, kichefuchefu na kuchanganyikiwa. Siku hizi mwongozo wa Marekani unataka mtu aanze na mikrogramu zisizozidi 2.4 kwa siku, aongezewe kiasi kisichozidi hicho, tena si zaidi ya mara mbili au tatu kwa wiki, na asivuke 19.2 kwa siku. Madaktari wengi wazoefu huenda taratibu zaidi ya hapo, nami nipo upande wao. Aliyeteseka miaka hupenda nafuu ije leo, lakini dawa hii haina huruma na mwenye haraka.

Kazi ya pampu nayo ina mitego. Dawa huja kwa nguvu mbili, mikrogramu 25 na 100 kwa mililita, hivyo kukosea chupa kunaweza kumpa mgonjwa dozi kubwa mara nne. Tena kuta za ndani za pampu mpya hunasa sehemu ya dawa. Ndiyo maana pampu husuuzwa kwanza kwa dawa yenyewe, ile ya 25, kisha hujazwa upya ndani ya siku 14.

Nyumbani, macho ya familia yana kazi kubwa, kwa sababu anayeanza kuchanganyikiwa mara nyingi hajijui. Anauliza swali lile lile mara tatu. Anaongea na mtu asiyekuwepo. Anakosa maneno, anayumba akitembea, au anasema amechoka kuishi. Dalili hizi zinaweza kujitokeza wiki kadhaa baada ya kuanza, wakati kila mtu ameshatulia, na kwa kawaida hupungua dawa ikisimamishwa, ingawa akili inaweza kuchukua hadi wiki mbili kurudi sawa. Aliyewahi kuugua ugonjwa wa akili wa kuona au kusikia visivyokuwepo hapaswi kupewa kabisa. Familia nyingi huficha historia hiyo kwa aibu. Kwa daktari anayetoa dawa hii isifichwe.

Hata hivyo, wagonjwa wengi wa saratani wenye maumivu makali hawahitaji kufika kwenye pampu. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1993, imeonyesha jinsi mofini ya maji ya kunywa, isiyo na gharama kubwa, inavyotuliza maumivu mgonjwa akiwa kwake.

Lakini kwa aliyewekewa mpira mgongoni, homa pamoja na shingo kukakamaa, kichwa kuuma sana au kutapika huenda ni homa ya uti wa mgongo. Asipitie duka la dawa kununua vidonge. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, na wanaompokea waambiwe kwanza kwamba ana pampu.