Ulimi Unapoganda Mbele ya Mgonjwa

Katika mji wa Tunduma, mkoani Songwe, Kiingereza si lugha ya darasani pekee. Ng'ambo ya mpaka ni Nakonde, Zambia, na madereva wa malori wanaosubiri kuvuka huugua kama watu wengine. Muuguzi aliyesomea fani yake kwa Kiingereza aweza kuduwaa mbele ya dereva asiyejua Kiswahili. Maneno anayajua, lakini hayatoki. Asipouliza iwapo mgonjwa hudhuriwa na penisilini, hasara yake haipimwi kwa alama za mtihani.

Hali hiyo haitokani na uvivu wala upungufu wa akili. Mwaka 1986, Elaine Horwitz na wenzake wawili nchini Marekani walichapisha dodoso la vipengele 33 la kupima wasiwasi wa mwanafunzi wa lugha ya kigeni. Mwili huichukulia aibu kama hatari: adrenalini huongezeka, moyo hudunda, kinywa hukauka, na akili iliyopaswa kutafuta neno hushughulika na kujihami. Walimu na wakubwa wa kazi wanaomcheka anayekosea huuchochea wasiwasi huo.

Juni 2007, William Kamkwamba, kijana wa miaka 19 kutoka Malawi, nchi inayopakana na Songwe upande wa Ileje, alipanda jukwaa la mkutano wa TED jijini Arusha kueleza alivyojenga kinu cha upepo cha kufua umeme. Alizungumza kwa dakika chache, kwa sentensi fupi, akiongozwa na maswali ya mwenyeji wake. Mwaka 2009, huko Oxford, Uingereza, alihutubia tena na kukiri kwamba siku ile ya Arusha Kiingereza kilimpotea, hata akatamani kutapika. Hotuba zote mbili zimewekwa kwenye intaneti, na anayejifunza lugha atafaidika kuzitazama kwa kufuatana, kwa kuwa ya kwanza inaonyesha hofu ileile anayoijua yeye mwenyewe.

Hata hivyo, kutazama pekee hakutoshi. Ni kuikimbia hofu kwa njia ya heshima. Hotuba za TED kwa kawaida hazizidi dakika 18, na kipande cha dakika mbili, kilichopakuliwa mara moja ili kuokoa bando, chatosha kwa juma zima. Kisikilizwe pamoja na maandishi yake, kisimamishwe, kirudiwe kwa sauti. Kisha msikilizaji asimulie kiini chake kwa maneno yake, akijirekodi kwa simu; baadaye amsimulie mwenzake mmoja, na hatimaye kikao cha asubuhi cha wodi. Hofu hupungua mwili unapozoea, hatua kwa hatua, kwamba kukosea hakuui. Ikiwa mtu hukosa usingizi au hukwepa kazi kwa sababu ya hofu hiyo, amwone mtaalamu wa afya ya akili.

Mzee wa Mbozi aliyezoea Kinyiha naye huweza kuwa na hofu hiyohiyo mbele ya Kiswahili cha daktari, akaitikia "ndiyo" kwa kila swali. Huyo aombwe aeleze mwenyewe atakavyomeza dawa, na asikatizwe.