Fedha za Juni na Mfereji wa Nakivubo

Mvua kubwa inapotanda juu ya Kampala, wafanyabiashara wa Nakivubo huinua mizigo yao kutoka sakafuni. Mfereji mkuu wa Nakivubo hupokea maji ya vilima vya mji, ukapita karibu na soko la Owino, ukaendelea katika eneo la viwanda hadi Ziwa Victoria. Mvua ikinyesha kidogo kidogo kwa siku nyingi, mfereji huyabeba maji yote bila taabu. Maji yale yale yakimwagika kwa saa moja, na hasa kama mfereji umejaa mchanga na takataka, hufurika na kuingia madukani.

Fedha za umma nazo zina masika yake. Mwaka wa fedha wa Uganda, kama ule wa Kenya na Tanzania, huanza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 30 Juni. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2015 yaeleza kwamba idhini ya matumizi iliyotolewa na Bunge hukoma mwaka unapofungwa, na kwamba fedha zisizotumika hurudishwa katika Mfuko Mkuu wa Serikali. Wahenga walisema akiba haiozi. Nyumbani neno hilo ni kweli. Lakini katika idara ya serikali akiba huondoka usiku wa tarehe 30 Juni.

Kikomo hicho kina sababu njema. Fedha hizo ni mali ya wananchi, na ni haki ya Bunge kuamua kila mwaka zitumike wapi. Bila kikomo, kila idara ingeweza kujiwekea fungu lake pembeni. Hata hivyo, kikomo huleta kishawishi. Mkuu wa idara aliyebakiwa na fedha mwezi Mei huogopa mambo mawili: kwanza kuzipoteza, pili kupunguziwa fungu mwaka ujao kwa kuonekana kwamba hakuzihitaji. Ndipo huagizwa meza mpya wakati za zamani zingali imara, na karatasi za kutosha miaka miwili.

BEI YA HARAKA

Mama anayekwenda Owino akiwa na siku nzima mbele yake huuliza bei katika vibanda vitano kabla ya kufungua kitambaa chake cha fedha. Yule anayefika jua likizama, na wageni wamekwisha kufika nyumbani, hununua kwa bei atakayotajiwa. Idara inayonunua katika wiki ya mwisho ya Juni ni kama mama huyu wa pili. Muuzaji anajua kwamba mnunuzi hawezi kungoja, wala hana nafasi ya kuikataa mali mbovu na kudai nyingine.

Jambo hili si la Uganda peke yake. Nchini Marekani, ambako mwaka wa serikali kuu hufungwa tarehe 30 Septemba, wachumi Jeffrey Liebman na Neale Mahoney walichunguza ununuzi wa serikali hiyo kuanzia mwaka 2004 hadi 2009. Katika taarifa yao iliyochapishwa mwaka 2017 walionyesha kwamba matumizi ya wiki ya mwisho yalikuwa mara 4.9 ya wastani wa wiki nyingine za mwaka. Tena, miradi ya kompyuta iliyoagizwa katika wiki hiyo ilikuwa hafifu kuliko ile iliyoagizwa mapema. Wizara ya Sheria ya nchi hiyo, iliyoruhusiwa kuhamishia mwaka unaofuata sehemu ya fedha zake, haikuonyesha udhaifu huo.

Wala si haki kumlaumu mtumishi peke yake. Hazina hutoa fedha kwa vipindi vya robo mwaka, na zabuni nayo ina hatua zake: kutangaza, kupokea maombi, kuyapima, kisha kutia saini. Fedha zikichelewa, au idara ikichelewa kuandika mahitaji yake, hatua zote husongamana katika majuma machache.

HATI SAHIHI, KAZI BURE

Chukuliwe mfano wa mfereji wenyewe. Mvua nyingi za Kampala hunyesha kati ya Machi na Mei, kisha Septemba hadi Novemba. Iwapo kazi ya kuzoa mchanga iliyokusudiwa kutangulia mvua za Machi yatiwa saini Juni, kila hati yaweza kuwa sahihi na kila shilingi kuwa na stakabadhi yake. Lakini maji yamekwisha kupita madukani.

Kambini mambo ni yayo hayo. Mabati ya nyumba za askari polisi yana faida yakifika kabla ya masika. Buti zilizonunuliwa pasipo kuuliza vipimo hubaki bohari, huku askari wa namba 8 akipewa namba 10 na kuambiwa ajaze matambara. Dawa zilizoagizwa kwa wingi ili kumaliza fedha huweza kufikia tarehe ya kuharibika zikiwa ndani ya masanduku. Hakuna aliyeiba, na bado mtoto mgonjwa hakupata dawa yake.

Uganda inazo sheria za kuzuia hasara hii. Zamani zabuni zilipitia Halmashauri Kuu ya Zabuni. Sheria ya mwaka 2003 iliipa kila idara wajibu wa kununua, chini ya uangalizi wa mamlaka ya ununuzi wa umma. Idara hupaswa kuwa na mpango wa ununuzi wa mwaka mzima, na imekatazwa kuigawa zabuni moja vipande vipande ili kukwepa ushindani. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu naye hutoa taarifa yake Bungeni ndani ya miezi sita baada ya mwaka kufungwa.

Linalotakiwa zaidi ni kwamba ukaguzi usiishie kwenye stakabadhi. Yafaa kila ununuzi wa Mei na Juni uulizwe maswali manne: Je, ulikuwamo katika mpango wa mwanzo wa mwaka? Bei yake ni sawa na ya Oktoba? Mali ilipokelewa na kupimwa na nani? Na je, baada ya miezi sita inatumika, au ingali ghalani? Kadhalika, mkuu anayerudisha fedha kwa kuwa alinunua kwa bei nafuu asiadhibiwe kwa kupunguziwa fungu. Akiadhibiwa, mwakani hatarudisha hata senti.

Mke wa askari anayajua haya bila kusoma sheria yoyote. Huandika orodha yake kabla mshahara haujafika, akatenga ada ya shule kwanza, na hanunui sufuria ya pili kwa sababu tu mwezi unakwisha. Idara ya serikali haidaiwi zaidi ya hayo: ijue haja yake mapema na inunue kwa wakati wake. Wafanyabiashara wa Nakivubo wanajua kwamba mfereji huzolewa jua likiwaka.