Hela ya ruzuku shuleni: piga hesabu mwenyewe

Wadau wa Kibaha na Kisarawe, leo tuongelee ruzuku ya shule, ile wengine wanaita kepitesheni.

Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, shule ya msingi ilipangiwa sh. 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo, 4,000 zinabaki serikalini za vitabu, 6,000 zinaingia akaunti ya shule. Shule ya watoto 500 inapata milioni 3 kwa mwaka, yaani 250,000 kwa mwezi. Chaki, mitihani, ukarabati, vyote humo humo!

Nani anakagua? Yupo mkaguzi wa ndani wa halmashauri, yupo na CAG. Ila CAG hafiki kila shule, na akifika hela imeshatumika. Mkaguzi wa karibu ni kamati ya shule, na wazazi wamo.

Kama una mdogo wako pale, anza na ubao wa matangazo: zimeingia ngapi, zimetoka ngapi? Zikiingia pungufu, msimrukie mwalimu mkuu, swali hilo ni la halmashauri. Zikiingia kamili halafu chaki hakuna, hapo kwenye mkutano ulizeni risiti.

Haya, ubao wa shule yenu unasemaje?