Ndizi za Suma na Ahadi za Ujirani

Mkulima wa Suma, wilayani Rungwe, anapokata mkungu wa ndizi, huenda hafikirii Geneva wala Gaborone. Hata hivyo, bei atakayopata hutegemea pia ahadi zinazotunzwa katika miji hiyo.

Machi 2025 Malawi ilipiga marufuku kuingizwa kwa bidhaa kadhaa, zikiwemo unga, mchele, tangawizi na ndizi, kwa nia ya kuwalinda wazalishaji wake. Aprili, Tanzania nayo ikazuia mazao ya Malawi, pamoja na yale ya Afrika Kusini, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa imezifungia mlango ndizi zetu. Baada ya mazungumzo Tanzania ililegeza msimamo wake. Lakini ndizi iliyokwisha kukatwa haingojei mazungumzo.

Nchi hizo tatu zote ni wanachama wa SADC, ambayo ilitangaza eneo la biashara huria mwaka 2008. Hapana budi tujiulize ahadi hiyo ilikuwa na maana gani.

Msingi wa biashara ya dunia, tangu Mkataba Mkuu wa Ushuru na Biashara wa 1947 hadi Shirika la Biashara Duniani lililoanza 1995, ni kwamba nafuu apewayo mmoja wapewe wote. Kifungu cha 24 cha Mkataba huo kinawaruhusu majirani kupendeleana, kwa sharti kwamba waondoe vizuizi katika sehemu kubwa ya biashara baina yao. Basi majirani wanaofungiana mipaka huku wakijiita eneo huria wanadai haki bila ya kutimiza wajibu.

Ndugu zetu wa Visiwani wasidhani kuwa haya ni mambo ya Bara peke yake. Biashara ya nchi za nje ni jambo la Muungano. Karafuu ya Pemba, ambayo soko lake kubwa liko Asia, haina ujirani wa kuitetea huko. Hutegemea zaidi kanuni za ulimwengu mzima. Nchi isiyoheshimu ahadi ndogo za jirani itadai kwa uso gani ahadi kubwa za mbali?

Wala si jambo geni kwetu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mpaka wetu na Kenya ulifungwa hadi 1983, na walioumia kwanza walikuwa wananchi wa kawaida.

Kwa maoni yetu, wakuu wa serikali zote zinazohusika wana wajibu wa aina tatu: kutoa taarifa mapema kabla ya kuzuia bidhaa yoyote, kuruhusu mizigo iliyokwisha kuanza safari ipite, na kupeleka malalamiko mbele ya vyombo vya SADC kabla ya kulipizana kisasi.

Kulinda mkulima wa nyumbani ni haki ya kila taifa. Lakini mkulima wa Suma na mwenzake wa ng'ambo ya mto Songwe wote ni wakulima. Marufuku ya ghafla humlinda mmoja kwa muda mfupi, kisha huwatia hasara wote wawili.