Ndege iliyopita Kindu ndani ya masanduku

Short 827 ni ndege ya kijeshi ya Kiingereza ya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza: mabawa ya tabaka mbili, watu wawili, na maboya mahali pa magurudumu. Uingereza iliwaazima Wabelgiji nne za aina hiyo wapambane na Wajerumani kwenye Ziwa Tanganyika. Zililetwa vipande vipande ndani ya masanduku, zikapanda mto Kongo hadi Stanleyville, Kisangani ya leo, kisha zikawa zinashushwa melini na kupandishwa treni, na kushushwa treni na kurudishwa melini. Kindu ndipo zilipoagana na mto Lualaba zikapakiwa kwenye reli ya kwenda Kongolo. Juni 1916, zikiwa zimefika ziwani, rubani Aimé Behaeghe na wenzake wakaanza kuvuka ziwa kudondosha mabomu Kigoma, ilikotia nanga meli Graf von Götzen, ile iliyokuja kuitwa Liemba.

Kuunda mfano wa Short 827 unaoruka ni kazi ya hesabu kabla ya kuwa kazi ya kisu. Ndege yenyewe ilikuwa na mabawa ya mita 16.4, kiwiliwili cha mita 10.7, na ilipojaa ilifikia kilo 1,540 hivi. Kwa kipimo cha moja kwa kumi, bawa la juu linakuwa mita 1.64. Uzito, hata hivyo, haugawanywi kwa kumi bali kwa elfu, kwa kuwa urefu, upana na kimo vyote vimepungua: mfano unapaswa kuwa kilo moja na nusu tu. Mwendo nao hushuka kwa kipeuo cha pili cha kumi, kutoka kilomita 100 kwa saa hadi 32. Mfano uliozidi uzito hulazimika kukimbia kuliko hapo ndipo ubaki hewani, na ukikimbia hivyo haufanani tena na ndege ya 1916.

Ndiyo maana balsa inapendwa. Wepesi wake ni vigumu kuupata katika mti mwingine. Mianzi iliyopasuliwa nyembamba inafaa kwa nguzo za kati ya mabawa. Mbavu za bawa hazichongwi mmoja mmoja. Vibao vya milimita moja na nusu hupangwa kama kurasa za kitabu, vikabanwa kati ya vielelezo viwili vya plaiwudi, kisha fungu zima likapigwa msasa mpaka plaiwudi iguswe. Ubavu uliopitiliza wenzake kwa nusu milimita utaonekana karatasi ya kufunika bawa ikishavutwa juu yake.

Nyaya za kukazia si pambo. Bila hizo mabawa ni vibao vinne vinavyolegea. Zikishakazwa kimshazari, huwa sanduku moja gumu. Uzi wa kuvulia samaki unatosha, ila ukikazwa zaidi upande mmoja, bawa hujipinda na ndege huegemea upande daima.

Maboya ndiyo yanayosumbua. Kilo moja na nusu huhitaji lita moja na nusu za ujazo ili ielee, na waundaji hutoa maradufu ya hizo. Chini ya boya hukatwa kidato, nyuma kidogo ya kitovu cha uzito, ili maji yaachie. Kitovu chenyewe huwekwa kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa, kutoka ukingo wa mbele. Betri ndiyo inayosogezwa kutafuta mahali hapo. Mota ya wati 200 hivi yatosha, nyingi zikiliwa na maji wakati wa kupaa.

Maji yaliyotulia kama kioo huyanata maboya. Viwimbi vidogo husaidia. Ndege huelekezwa kwenye upepo, usukani wa kupandisha ukivutwa kwanza kisha kuachiwa taratibu maboya yanapoanza kuteleza juu ya maji. Kwenye mto unaokwenda kama Lualaba, mtumbwi uwe tayari upande wa chini. Ikirudi, ipimwe tena kabla ya kuruka mara ya pili: boya lililokunywa maji huongeza gramu mia bila kuonyesha dalili yoyote.